Picha Zilizokataa Kwisha

Brayo aliingizwa kituoni akinuka petroli kuanzia nywele hadi soksi. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba likajifunga, mdomo umepasuka, na sikio moja lilining'inia kwa namna ambayo sikio halipaswi kuning'inia. Majirani zake wa hapo Kitengela walikuwa wamekwisha kumvalisha tairi, na mwenye kiberiti alikuwa akihangaika na njiti zilizolowa, Sajini Nasike alipofyatua risasi mbili hewani na kumkokota kwa ukosi wa shati hadi kwenye gari. Jiwe moja lililokusudiwa kichwa cha kijana lilimpata Nasike begani. Bega lilimuuma vibaya mno, na hasira zake zilikuwa za kutosha umati mzima ule na kubaki.

"Huyo ndiye," alisema Inspekta Kisilu bila kuinuka mezani pake. "Mfunge hapo."

"Aoge kwanza, afande. Mtu akiwasha sigara hapa tutaungua sote."

Kisilu akatikisa mkono kwamba haya, aoge. Kwake kesi ilikuwa imekwisha. Lazarus, mpima ardhi, alikuwa ameokotwa korongoni nje ya Kisaju kichwa kikiwa kimepondwapondwa kwa bikoni, ile nguzo fupi ya zege inayoonyesha mwisho wa ploti. Mtu aliing'oa ardhini akaitumia mpaka uso wa marehemu ukatambulikana kwa meno tu. Akoth, msaidizi wake, aliyetoka naye asubuhi ile kwenda kupima, hakuonekana tena, wala simu yake haikushika. Na Akoth alikuwa mchumba wa Brayo.

"Hesabu ya darasa la pili," Kisilu alieleza, huku Brayo akijimwagia maji ya beseni kule uani. "Msichana alikuwa akitembea na mpima. Kijana akajua. Akamuua huyu, akamuua yule, halafu kwa vile yeye ndiye fundi wa kompyuta wa ofisi, akafuta picha za kazi za siku ile ili tusijue walikuwa wapi. Kesho namfikisha kortini Kajiado."

"Nani alisema Akoth alikuwa akitembea na mpima?"

Kisilu akaelekeza kidevu kwenye korido. Pale kwenye benchi aliketi Gakuru, muuza ploti mwenye tumbo la heshima na kitambaa cheupe cha kufutia machozi. Lazarus alikuwa akimpimia mashamba yake. Tangu mwili upatikane, mzee huyo alishinda kituoni, akinunulia polisi soda na kuuliza kila saa kama kuna jipya. Nasike alikuwa amemhurumia, haki ya nani. Hata soda yake aliinywa.

Brayo aliporudi amevaa shati la kuazima, Nasike alimwekea laptop yake mezani, ile waliyoichukua nyumbani kwake. "Nionyeshe ulichofuta."

"Sijafuta kitu, madam! Nilikuwa nahamisha tu. Lazarus alisema nitoe picha zote kwa cloud ya zamani, ile stoo ya mtandaoni, niweke kwa mpya, kwa sababu ile ya zamani anataka kuifunga. Nikaanza siku moja kabla wauawe... kabla auawe." Akaonyesha skrini. "Lakini haimalizi."

"Haimalizi vipi? Sema Kiswahili cha mtu wa kawaida."

"Inafika mwisho, inaandika imemaliza. Nikilinganisha pande mbili, mpya iko na pungufu. Kidogo tu. Picha nne, tano. Nikarudia, hizo zikaingia. Nikilinganisha tena, zingine zinakosa!" Aligusa sikio lake akaguta kwa uchungu. "Nimejaribu kila kitu. Nikafikiri nafasi imejaa. Haijajaa. Nikafikiri ni ruhusa ya akaunti. Iko sawa. Nikafikiri ni mtandao unakatika, nikahamia kwa cyber ya mtaani, bado. Ni error sijawahi kuona."

"Unaona?" Kisilu alisema kutoka mlangoni. "Picha hazipo. Amefuta."

Nasike hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa mtoto wa mama muuza nafaka wa Chwele, aliyekua akimwaga maharagwe kutoka gunia hadi gunia, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye jambo ambalo wenzake walilipita.

"Ngoja, afande. Angekuwa anafuta, upande wa zamani ungepungua. Brayo, ule wa zamani umepungua?"

"Hapana. Huo ndio uko na nyingi."

"Nyingi kuliko jana?"

Kijana alibonyeza, akaangalia, akabonyeza tena. Jicho lake moja zima likapanuka. "Ziko... zimeongezeka."

"Basi shida si kuhamisha. Ukimwaga gunia hili kwenye lile, na hili la kwanza haliishi, kuna mtu analijaza kwa nyuma." Nasike alivuta kiti karibu. "Hizo zinazokosa kila mara, ni zile zile?"

"Sijui, madam."

"Hujui? Hukuzifungua?"

"Naangalia idadi tu. Picha zenyewe ni za bikoni na nyasi. Miaka miwili ni bikoni na nyasi. Nani huangalia?"

"Fungua sasa."

Ya kwanza ilikuwa nyeusi tii. Ya pili nyeusi pia, ila kulikuwa na mstari mwembamba wa mwanga, kama ufa wa ukuta. Ya tatu mpigaji alikuwa amesogeza kamera kwenye ufa, na nje palionekana udongo mweusi, sepetu, na miguu ya mwanamume. Ya nne, mahali pale pale, lundo la udongo lilikuwa limepanda. Ya tano ilipigwa asubuhi hiyo hiyo. Mwanamume alikuwa ndani ya shimo, udongo umemfika kifuani, na pembeni mwa picha, nje ya fokasi, kulikuwa na vidole vya mwanamke, kucha mbili zimeng'olewa.

Brayo aliinuka, akagonga meza, akatapika kwenye ndoo ya takataka.

"Ni simu ya kazi," alisema alipopata pumzi. "Haina laini. Lazarus pekee ndiye alijua namba za kuifungua, lakini kamera hufunguka bila namba, na Akoth ndiye hupiga picha. Huiweka ndani ya gumboot kwa sababu mfukoni ilishawahi kumwangukia. Picha zinapanda zenyewe kwa cloud simu ikipata wifi inayoijua." Akajipiga kofi usoni, mahali pale pale palipovimba. "Mungu wangu. Alikuwa ananiita, na mimi nikawa nasema ni error!"

"Kaa chini. Yuko hai. Mtu aliyekufa hapigi picha."

Kisilu alikuwa ameinama juu ya skrini, na lazima tumpe haki yake, rangi ilikuwa imembadilika. "Hilo linaweza kuwa shimo la choo," alijaribu.

"Choo huchimbwa kwa urefu wa mtu aliyelala, afande?"

 Kisilu alitoka kwenda koridoni kwa haraka kutafuta konstebo na funguo za gari, na Nasike alimsikia akizungumza na mtu huko kwa sauti ya kuliwaza. Hakutega sikio. Alikuwa amemgeukia Brayo.

"Simu hiyo inajua wifi ya wapi?"

"Ya ofisini."

"Akoth hayuko ofisini. Fikiria."

"Wifi ya mahali waliwahi kuingia. Wakipewa password." Brayo alianza kutembeza picha za zamani haraka haraka. "Kwa kawaida picha hupanda jioni, akirudi. Lakini kuna siku zilipanda mchana, wakiwa bado shambani. Mara mbili tu. Hii hapa."

Mpima ardhi akifika kwa mtu hukaribishwa kiti, chai na password. Ndivyo watu wa huku wanavyoishi siku hizi, na mwenye boma asiyempa mgeni wifi huonekana mchoyo. Siku ya kwanza, nyuma ya bikoni iliyopigwa picha, palionekana ukuta wa mawe na mbuzi wengi. Siku ya pili palionekana miti midogo ya mstari na nyasi zilizokatwa, wala hakuna jengo.

"Wa mbuzi namjua," Nasike alisema. "Ni Zakariye."

Mji mzima ulimjua Zakariye. Aliuza mbuzi na ngamia kutoka zizi lake kubwa kandokando ya barabara ya Namanga, kabla ya kufika Kisaju, na wiki mbili nyuma alikuwa amemwambia Lazarus mbele ya watu kwamba atamkata. Kisilu aliendesha gari kama mtu anayefukuzwa, konstebo wawili wakigongana vichwa nyuma, na Brayo akiwa amefungwa pingu katikati yao, kwa kuwa alikataa katakata kubaki.

Zizini hawakubisha hodi. Kisilu alimkuta Zakariye akikagua meno ya beberu, akamkamata kanzu kifuani, akambamiza kwenye nguzo ya lango. Wachungaji sita wakainuka na fimbo zao. Mmoja alimpiga konstebo kwenye goti kabla mtu hajaelewa kinachotokea, na yule konstebo akamrudishia kwa kitako cha bunduki, meno yakamwagika. Mbuzi walianza kukimbizana huku na huku.

"Basi!" Nasike alipaza sauti, bastola mkononi. "Zakariye! Msichana yuko wapi?"

"Msichana gani? Walahi, mama, sina msichana!" Damu ilimtoka puani. Alisema maneno makali kwa Kisomali na wachungaji wakashusha fimbo. "Ni ya yule mpima? Niligombana naye, ndiyo. Aliniambia ukuta wangu umeingia kwa shamba la mwingine. Nikamwambia nitakukata. Kisha akakaa hapo, akanywa chai, akanionyesha kwa ramani. Alikuwa na haki yake. Mimi nabomoa ukuta, si mtu. Tazama!"

Kweli, nyuma ya zizi ukuta mpya ulikuwa unajengwa, na wa zamani umekuwa rundo la mawe.

"Ulimpa wifi yako?"

"Mgeni wangu, nisimpe? Lakini ile password nilibadilisha baadaye, baada ya Idd. Wapangaji wa huko nyuma walikuwa wanacheza mpira na bundle yangu mpaka inaisha."

Nasike alitazama chini. Palikuwa na kokoto nyekundu na vumbi la moramu, hakuna mahali mtu angechimba kwa sepetu akafika kifuani bila mtaimbo. Akatoa simu yake, ambayo Brayo alikuwa amemtumia zile picha, akamwonyesha Zakariye ile ya shimo.

"Udongo huu unaujua?"

Zakariye alifuta pua kwa mkono, akatazama kidogo tu. "Huo mweusi si wa huku. Ni wa kule bondeni, ukipita Kisaju, zile ploti za Gakuru. Mvua ikinyesha lori langu hukwama huko kila mara. Ako na ofisi na stoo hapo, na wifi ameandika kwa ukuta ili wanunuzi wajisikie nyumbani."

Nasike alimgeukia Kisilu ili wakimbie, akamkuta amesimama tu, kanzu ya watu bado iko mkononi mwake.

"Nini, afande?"

"Nilimwambia," alisema Kisilu.

"Ulimwambia nani? Nini?"

"Gakuru. Pale korido. Alikuwa analia, nikamhurumia. Nikamwambia asilie, msichana yuko hai, tumepata picha."

Nasike hakuwahi kumtukana mkubwa wake tangu aingie kazini. Siku hiyo alimtukana, kwa Kibukusu, tusi refu la kutosha, na Kisilu akalipokea bila kupepesa macho. Kisha wote wakakimbilia gari.

Njiani Brayo alikuwa akisema "harakisha, harakisha, harakisha" bila kutulia. Walipita soko la Kisaju honi ikilia, mwanamke mmoja akaruka na nyanya zake kando. Kwenye kona ya kushuka bondeni mzee mmoja wa Kimasai aliyekuwa na ng'ombe zake aliinua mkono.

"Sopa!" Nasike alimsalimu kwa Kimasai kupitia dirisha. "Mzee, gari ya Gakuru imepita?"

"Imepita ikikimbia sana," mzee alisema. "Iko huko ndani. Hata haikunisalimia."

Bango lilisema ploti zinauzwa, hati mkononi. Nyuma yake palikuwa na ofisi ya mabati yaliyopakwa rangi ya kijani, na stoo ya mawe iliyoungana nayo, mlango wa stoo ukiwa wazi. Miti midogo ilipangwa mstari. Nje ya stoo, mahali pale pale pa kwenye picha, wanaume wawili walikuwa wakitupa udongo kwa sepetu. Hawakuwa wakichimba tena. Walikuwa wakifukia. Gakuru alisimama juu yao na suti yake, akiwahimiza kwa mikono yote miwili kama mtu anayeswaga ndama.

Kisilu hakusimamisha gari. Aliliingiza ndani ya seng'enge, nguzo zikang'oka, na Gakuru akageuka akitimua mbio. Mmoja wa wale wenye sepetu aliwahi mlango wa dereva. Sepetu ilishuka kwenye mkono wa Kisilu alipokuwa akitoka, na kila mtu alisikia mfupa ukikatika. Ikapanda tena, safari hii ikilenga shingo. Nasike akampiga risasi ya paja. Akaanguka akipiga mayowe, akajaribu kuinuka na sepetu yake, na Nasike akampiga ya pili, palepale, karibu na ile ya kwanza. Mwenzake alitupa yake akalala kifudifudi bila kuambiwa.

"Gakuru!" Kisilu alikuwa akipiga kelele, mkono mmoja ukining'inia. "Gakuru anatoroka!"

"Mfuate wewe!" Nasike alisema. Yeye alikuwa amekwisha kuruka ndani ya shimo.

Kisilu alimfuata. Namna alivyomfikia kwenye gari lake, na hali ya taya la Gakuru alipoletwa, ni hadithi nyingine. Wakati huo Nasike hakuona wala kusikia kitu. Alikuwa amepiga magoti kwenye udongo mweusi mzito, akiutoa kwa mikono, kwa viwiko, kwa kila alichokuwa nacho. Bega lililopigwa jiwe lilikuwa likiwaka moto na hakulijali. Konstebo aliyebaki mzima aliingia upande wa pili akachota kwa kofia yake. Brayo, pingu mikononi, alijitupa tumbo ukingoni, akawa anavuta mabonge ya udongo nje kwa vidole vilivyofungwa pamoja, analia kwa sauti kubwa.

"Akoth! Akoth, ni mimi!"

"Nyamaza utuachie hewa!" Nasike alimfokea, ingawa hewa ilikuwa tele. Aliogopa. Aliogopa kama hajawahi kuogopa kazini, kwa sababu kila alipochota pakaja udongo mwingine tu.

Kisha vidole vyake vikagusa mpira. Gumboot. Alijua sasa kichwa kiko upande gani, akahamia huko, akachimba mpaka ukucha wake mmoja ukang'oka. Ukaonekana mkono, kisha nywele, kisha uso uliojaa matope, macho yamefumbwa. Walimvuta mpaka kifuani. Hakuwa akipumua. Nasike alimwingiza vidole viwili mdomoni, akatoa udongo, akatoa tena, akampindua, akampiga mgongoni kwa kiganja. Hakuna kitu. Akampiga tena, kwa nguvu, kwa hasira, akimwita jina.

Akoth alikohoa. Alikohoa udongo, kisha damu, kisha akavuta pumzi moja ndefu iliyokwaruza, mpaka konstebo akaanza kusema asante Yesu, asante Yesu, bila kunyamaza.

Walimlaza kwenye nyasi. Walikuwa wamempiga sana. Mbavu zilikuwa na rangi mbaya, na mkono wa kulia ulikosa kucha mbili. Alieleza kwa vipande, baina ya kikohozi. Lazarus aligundua Gakuru amehamisha bikoni na kuwauzia watu wanne ploti moja, akamwambia usoni, wakamuua. Akoth wakamweka hai kwa sababu Gakuru alitaka kujua picha za bikoni zile ziko wapi na nani mwingine ameziona. Hakusema. Siku zote hizo hakusema, na simu ilikuwa ndani ya kiatu chake.

Konstebo alikuwa bado anatafuta funguo za pingu za Brayo, na Brayo alikuwa amesimama hatua chache nyuma, hathubutu kusogea. Akoth hakuwa amemwona. Udongo ulikuwa machoni mwake.

"Madam," Akoth alimnong'oneza Nasike. "Picha zilifika?"

"Zilifika, dada. Brayo ndiye alituonyesha."

Akoth akatabasamu kwa mdomo wake uliopasuka, na machozi yakachora njia kwenye matope ya mashavu. Nasike aliinua macho kumtazama Brayo, na Brayo akatikisa kichwa taratibu akimsihi asiseme.

"Nilijua," Akoth alisema. "Nilikuwa najiambia humo ndani, Akoth, piga tu, usichoke. Huyo mtu wako huangalia picha zako zote. Hajawahi kuruka hata moja."